Mshika Daftari: Kazi za Biashara katika Voi na Taita

Kijana anapomaliza masomo ya biashara jamaa zake humpokea kwa furaha, na kabla furaha haijapoa humwuliza: Sasa utafanya kazi gani? Swali hili si baya. Baba aliuza ng'ombe, mama aliuza nyanya na kabichi gunia kwa gunia, na shangazi alikopa katika chama cha akina mama. Wote hao wana haki ya kujua mali yao imenunua nini. Ila aghalabu jibu wanalolitazamia ni moja tu, nalo ni benki, tena benki ya Nairobi, penye meza na kiti cha kuzunguka. Jibu hilo lisipopatikana kwa mwaka mmoja au miwili, watu huanza kunong'onezana kwamba elimu ya biashara haina kazi.

Mimi nimeona afadhali kulijibu swali hili kwa njia ya historia. Msomaji, nakuomba ufuatane nami katika nchi ndogo iliyo kati ya Voi na Taveta, kwa sababu nchi hiyo imepitiwa na karibu kila namna ya biashara iliyopata kufanywa Afrika ya Mashariki. Msafara ulipita huko, na baada yake reli, mkonge, maduka, ushirika, watalii na wachimba vito. Kila kimoja kilikuja na kazi zake, na kazi nyingine zilikufa pamoja nacho. Lakini mahali pote palikuwa na mtu ambaye hakubeba mzigo wala hakushika jembe, na walakini wote waliobeba na kulima walimngojea yeye aseme neno la mwisho. Huyo ni mshika daftari. Nataka tumtazame yeye kuliko wengine.

Kabla ya reli, safari ya kutoka Mombasa kwenda Kilimanjaro ilikuwa ya miguu. Msafara uliivuka nyika ya Taru, nchi kavu yenye miiba mingi na maji haba, ukatafuta maji katika mlima wa Maungu, kisha ukafika katika vilima vya Wataita. Mmisionari Johannes Rebmann alipita huku mwaka 1848, na tarehe 11 Mei mwaka huo akaiona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo mabingwa wa Ulaya walikataa kuisadiki. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia ile mbele yake. Wao hawakutafuta theluji, walitafuta pembe za ndovu.

Upande wa magharibi, katika msitu wa mto Lumi, palikuwa na Taveta. Makazi yale yalifichwa na miti, wala adui hakuyaingia kwa urahisi. Kwa hiyo misafara ilipumzika hapo siku nyingi, ikanunua ndizi na nafaka na kutengeneza mizigo yake. Joseph Thomson, kijana wa Scotland, alifika hapo mwaka 1883 akielekea nchi ya Wamasai. Alikuwa na shehena ya shanga, na Taveta akaambiwa kwamba shanga zile hazifai kama zilivyo, kwa maana Wamasai hawakupokea ila shanga zilizotungwa katika nyuzi za urefu wanaoutaka wao. Watu wake wakaketi chini, wakatunga upya nyuzi maelfu kwa maelfu. Yafikiri hayo kidogo. Mali ilikuwapo, tena nzuri, imevuka bahari na nyika; lakini mnunuzi alikuwa na matakwa yake, na asiyeyajua angaliirudisha mali ile Mombasa juu ya vichwa vya watu vilevile vilivyoileta. Leo maarifa hayo hufundishwa vyuoni kwa jina la masoko, na mwanafunzi hupewa mtihani juu yake. Wazee wa Taveta waliyajua bila mtihani.

Msafara ulikuwa na vyeo vyake. Palikuwa na mkuu wa msafara, aliyejibu kwa faida na kwa hasara. Palikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na kuijua njia. Palikuwa na wanyapara, kila mmoja na kundi lake la wapagazi, na palikuwa na wapagazi wenyewe, ambao ndio walioubeba utajiri wa watu wengine. Tena mkuu wa msafara mara nyingi hakuwa na mali yake mwenyewe. Alichukua nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa pwani, akaahidi kulipa kwa pembe atakaporudi baada ya miezi mingi. Mpagazi naye alikuwa amekula sehemu ya ujira wake kabla ya kuondoka. Basi msafara mzima, tangu mkuu mpaka mtu wa mwisho, ulitembea juu ya deni, na deni hilo lilikuwa limeandikwa katika daftari moja ambalo halikusafiri. Lilibaki pwani, ndani ya sanduku la tajiri. Mpagazi alijua uzito wa pembe kwa mabega yake, lakini hakujua thamani yake, wala hakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu.

Ufundi wenyewe wa daftari ni mkongwe. Mwaka 1494 mtawa Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanya biashara wa mji ule walivyoandika kila jambo mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, hata pande mbili zikapimana kama vitanga vya mizani. Miaka minne baadaye merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Shule za biashara zilikawia kuja. Ile ya Paris ilifunguliwa mwaka 1819, na ile ya Wharton huko Marekani mwaka 1881, yaani miaka miwili tu kabla watu wa Thomson hawajaketi Taveta kutunga shanga. Kwa hiyo usidhani kwamba watu wa nchi hii waliachwa nyuma kwa karne nyingi katika jambo hili. Shule ya biashara ni kitu kipya kila mahali. Tofauti ilikuwa mahali pengine: nani aliruhusiwa kulishika daftari.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kabla mwaka 1898 haujaisha ilikuwa imeipita Voi. Mwaka huo huo simba wawili wa Tsavo waliwatia wajenzi wa daraja hofu kubwa, hata kazi ikasimama kwa muda. Lakini habari za simba hao zimesimuliwa mno, nami nitaziacha. Watu 32,000 hivi waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba kuijenga njia ile, na yapata 2,500 kati yao walikufa. Gari la moshi lilifika ziwa Nyanza mwaka 1901. Tangu hapo kirangozi hakuwa na kazi tena, kwa sababu reli haihitaji mtu wa kuionyesha njia. Mpagazi naye alipungukiwa na kazi. Penye kazi zile pakaota nyingine: stesheni masta, karani wa tiketi, karani wa mizigo, mpiga simu, mweka ghala. Voi, iliyokuwa kando ya mto tu, ikawa stesheni, na kwenye stesheni pakawa na kalamu na wino.

Lakini tazama namna kazi zile zilivyogawanywa. Mzungu alikuwa juu. Mhindi na Mgoa walishika kalamu. Mwafrika alishika sururu, makaa na mizigo. Mgawanyo huo haukutokana na akili za watu. Mtoto wa Goa alikuwa amepata shule iliyomfundisha hesabu na barua, na mtoto wa Sagalla hakuwa nayo. Misheni ya Kiingereza ilianzishwa Sagalla mwaka 1883, na ya Kikatoliki ilifuata Bura mwaka 1892. Shule za misheni hizo zilitoa wasomaji na walimu kwanza, na makarani baadaye kidogo kidogo.

Pamoja na reli alikuja mwenye duka. Mtu aliyesifika kuliko wote katika jambo hili ni Allidina Visram, ambaye alivuka bahari kutoka Bara Hindi akiwa kijana, akajifunza biashara Bagamoyo, kisha akaifuata reli kwa maduka yake, stesheni kwa stesheni, hata Uganda. Alikufa mwaka 1916. Katika maduka kama yale palikuwa na chuo cha biashara kisichokuwa na bango mlangoni. Kijana wa ukoo aliingia akiwa mdogo, akafagia, akapima sukari, akajifunza kuandika madeni, na baada ya miaka kadhaa akapewa mali kwa mkopo akafungue duka lake mbele zaidi. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi huona duka la Mhindi likistawi, wakadhani siri yake ni ubahili. Siri yake ilikuwa ni mafunzo ya miaka mingi, na jamaa waliokubali kumkopesha aliyefunzwa.

Vita Vikuu vya Kwanza viliifanya Voi kuwa njia panda. Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti 1914, na Waingereza wakajenga reli ya haraka kutoka Voi kwenda Maktau na kuendelea, ili wapeleke askari na maji. Tarehe 12 Februari 1916 walishindwa vibaya katika kilima cha Salaita, ila mwezi wa Machi wakashika Taveta, na reli ikasogezwa mpaka ikaungana na ile ya Moshi. Reli hiyo ilizaliwa kwa ajili ya mizinga. Vita vilipokwisha ikachukua mkonge.

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu mkonge ndio uliowafundisha watu wa Taita Taveta maana ya daftari kwa uchungu kuliko jambo lingine lolote. Mmea wenyewe uliletwa Tanganyika na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyosalia hai, na hiyo 62 ikazaa mashamba ya nchi nzima. Baadaye ukaenea Kenya, ukapandwa Voi, Mwatate na Taveta, ambako Ewart Grogan, yule aliyesafiri kutoka Rasi mpaka Kairo, alijenga jumba lake juu ya kilima katika miaka ya 1930. Shamba la Mwatate linaendelea mpaka leo.

Kibarua wa mashamba kama hayo alipewa tikiti yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, karani alitia alama katika nafasi moja. Mshahara haukutoka mwezi ulipoisha, ulitoka nafasi 30 zilipojaa. Kama alikata majani yake yote lakini mafungu yakahesabiwa pungufu, siku ile haikuwapo. Kama mvua ilimzuia, haikuwapo. Kama karani alisahau, au alikasirika, au alitaka kuku, siku ile pia haikuwapo, ingawa mgongo wa mtu uliikumbuka vizuri. Wewe msomaji umezoea kudhani kwamba uandishi wa hesabu ni kazi kavu, ya watu wasiopenda kelele. Jitie katika nafasi ya mtu yule aliyesimama mbele ya dirisha jioni, tikiti mkononi, akiitazama ncha ya penseli. Yeye hakuiona kuwa kazi kavu.

Ni kweli pia kwamba palikuwa na makarani waaminifu, na ya kwamba kijana wa kwanza wa kijiji kuwa karani aliheshimiwa kama mwalimu. Lakini karani hakupanga bei, wala hakujua mkonge uliuzwa kiasi gani huko Ulaya. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, bei ya mkonge ilipanda sana. Katika miaka ya 1960 nyuzi za viwandani zikaushinda, bei ikaanguka. Mambo hayo mawili yalimfikia kibarua kama mvua na ukame, bila maelezo.

Watu wenyewe walijaribu kufungua maduka yao. Waliorudi kutoka Vita vya Pili walikuwa na fedha kidogo na wamekwisha kuona dunia. Kikwazo chao kikubwa kilikuwa mkopo. Chini ya sheria ya mwaka 1948, deni la Mwafrika likizidi shilingi 200 halikudaiwa mahakamani ila kama lilitolewa kwa kibali. Walioitunga walisema ni kumlinda asizame katika madeni. Huenda walisadiki hivyo. Lakini ni tajiri gani atakayemkopesha mtu asiyeweza kumdai? Mwenye duka wa Wundanyi alinunua kwa fedha taslimu, debe moja moja, akauza kwa faida nyembamba, na wa Voi aliyenunua gunia kwa mkopo akamshinda kwa bei. Kule Kabete, Jeanes School ilianza kutoa mafunzo mafupi kwa wenye maduka wa Kiafrika, wakafundishwa kupanga bidhaa, kupiga hesabu za faida na kutenga fedha za duka na fedha za nyumbani. Mafunzo yalikuwa mazuri. Ila kumfundisha mtu kuogelea na kumnyima maji ni jambo la ajabu kidogo.

Mlango mwingine ulifunguliwa na sheria ya ushirika ya mwaka 1945, iliyowapa wakulima Waafrika nafasi ya kuandikisha vyama vyao. Vilima vya Dawida vina baridi na maji, na mboga zake zilishuka Mombasa wakati wa vita kuwalisha askari na watu wa mji. Baadaye kahawa nayo ikaingia. Mkulima mmoja mwenye magunia matatu hana nguvu mbele ya mnunuzi. Wakulima mia wenye mzani mmoja na daftari moja wanayo. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii daftari lilikuwa mali ya waliobeba mzigo. Na hapo ndipo ulipoonekana upungufu mpya: chama kilikuwa na wanachama, kilikuwa na mboga, kilikuwa na mwenyekiti mwenye sauti nzuri, lakini mweka hesabu aliyefunzwa alikuwa adimu kama maji ya Taru. Wazee walisema tangu zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika vyama vingi vya ushirika vya Kenya, si vya Taita pekee, maneno hayo yalitimia neno kwa neno.

Uhuru wa mwaka 1963 ulibadili mambo upesi. Mwaka 1965 liliundwa shirika la taifa la biashara, KNTC, ligawe bidhaa kwa wafanya biashara Waafrika; mwaka 1967 ikaja sheria ya leseni iliyowazuia wasio raia katika miji na bidhaa kadhaa; Benki ya Ushirika ikaandikishwa mwaka 1965 na kufungua milango mwaka 1968. Maduka mengi yalipata wenye mpya. Baadhi yao walistawi, na baadhi walifunga kabla ya miaka miwili, kwa kuwa walipokea rafu, mzani na ufunguo, na hawakupokea yale mafunzo ya miaka mingi niliyoyataja juu ya Allidina Visram. Serikali iliona upungufu huo. Bodi ya mitihani ya wahasibu, KASNEB, iliundwa mwaka 1969, na sheria ya wahasibu ya mwaka 1977 ikazaa chama chao cha ICPAK. Shule ya Strathmore ilikuwa imekwisha kuanza kufundisha uhasibu mwaka 1966, na chuo cha Nairobi, ambacho mwaka 1970 kilikuwa chuo kikuu kamili, kilitoa digrii ya biashara. Katika miaka ya 1970 mwana wa Taita, Eliud Mwamunga, alikuwa Waziri wa Biashara na Viwanda. Tangu tikiti ya mkonge mpaka kiti cha waziri palipita muda wa maisha ya mtu mmoja.

Basi turudi kwa kijana wetu, ambaye huenda ni wewe baada ya miaka sita. Leo hahitaji hata kuvuka Taru ili asome. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati yake mwaka 2016, nacho hufundisha biashara na uchumi pamoja na uhandisi wa migodi. Akitoka hapo akaitazama nchi yake kama wenye misafara walivyoitazama, ataona nini?

Ataona mpaka. Kenya na Tanzania zilipofunga mpaka wao mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, Taveta ilikuwa kama nyumba yenye mlango uliopigwa misumari, hata mwaka 1983. Jumuiya ilifufuliwa, ushuru wa forodha ukaunganishwa mwaka 2005, na mwaka 2016 kituo cha pamoja cha Taveta na Holili kikazinduliwa, msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Mahali hapo panataka mawakala wa forodha, watu wa bima ya mizigo, wasimamizi wa malori na maghala, na wajuao sheria za nchi mbili. Ni kazi ya mkuu wa msafara, ila imevaa viatu.

Ataona mbuga. Tsavo ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1948, na pande zake mbili zinachukua zaidi ya nusu ya kaunti. Wakulima wengi wa Voi wana kinyongo na ndovu, wala siwezi kuwalaumu, maana ndovu hula shamba la mwaka mzima kwa usiku mmoja. Lakini hoteli za humo zinataka wahasibu, wanunuzi wa vyakula na watangazaji wa safari. Na ni ajabu kwamba mboga za baadhi ya hoteli hutoka mbali, na za Wundanyi zaoza njiani kwa kukosa mtu wa kuandika mkataba mmoja. Kule Kasigau biashara imepata sura ambayo babu zetu wangaliicheka: tangu mwaka 2011 msitu usiokatwa huuzwa. Makampuni ya mbali hulipa ili miti ibaki imesimama, na tani za hewa ya kaboni huhesabiwa na kukaguliwa kama magunia. Ni nani atakayewaeleza wanakijiji hesabu hizo, kiasi gani kililipwa na kiasi gani kiliwafikia?

Ataona vito. Mwaka 1971 Campbell Bridges aligundua katika nchi ya Taita jiwe la kijani ambalo hapo kwanza alikuwa amelipata Tanzania mwaka 1967. Mwaka 1974 lilipewa jina la tsavorite, kwa heshima ya Tsavo, na kampuni ya Tiffany ya New York ikalitangaza. Tangu hapo wachimbaji wadogo huteremka mashimoni kwa nyundo na kamba. Jiwe hupanda likiwa na vumbi, dalali hulimulika kwa tochi, hutaja bei, na mchimbaji mwenye njaa ya siku tatu huitikia. Bei ya pili itakayotajwa juu ya jiwe lile hataisikia kamwe. Huyu, msomaji, ni yule mpagazi wa pembe za ndovu, na miaka zaidi ya 130 imepita. Kituo cha vito kimejengwa Voi ili mawe yapimwe na kuuzwa huko huko. Jengo ni jambo jema. Ila jengo halijui bei. Linahitaji wapima thamani, waweka hesabu, wajuao mikataba ya kuuza nje, na wakaguzi ambao hawatanunulika kwa kipande kidogo cha kijani.

Nisikufiche magumu. Kazi nyingi katika hizi hazitangazwi magazetini. Nyingine hazipo mpaka mtu azianzishe, na mwanzoni ujira wake ni mdogo kuliko wa benki, pengine ni wa mboga na shukrani. Benki zenyewe si adui. Wako vijana wema walioajiriwa humo, na chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa na walimu wa Taita Taveta, ambacho leo huitwa Qwetu, kimewaajiri wengine pale pale Voi. Ofisi za kaunti, tangu mwaka 2013, nazo zinataka wakaguzi na wanunuzi wa vifaa. Lakini viti hivyo vina hesabu yake, na wanaovingojea ni wengi.

Katika utoto wangu nilikuwa nikifuatana na shangazi yangu kupeleka nyanya mahali malori yanaposimama. Mnunuzi alikuwa na daftari dogo jeusi, na penseli nyuma ya sikio. Alitaja bei, akaandika, akalifunga. Shangazi hakuuliza kilichoandikwa, na aliporudi nyumbani alihesabu fedha mara mbili kana kwamba zingeongezeka mara ya pili.

Nilipita mahali pale tena si zamani. Malori ni mapya na penseli imekuwa simu, walakini mambo mengine yalikuwa yale yale, mpaka nilipomwona msichana ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, daftari kubwa la mistari mapajani. Niliambiwa amesoma biashara, amekaa mwaka mzima akiandika barua za kuomba kazi, kisha vikundi vitatu vya wakulima vikamwomba awashikie hesabu, kila kikundi kikimlipa kidogo. Mnunuzi alitaja bei. Msichana hakubishana naye. Alifungua ukurasa, akasoma kwa sauti bei ya wiki iliyopita, na ya wiki iliyotangulia hiyo, na bei ya kreti moja siku ile ile sokoni Mombasa, aliyoipata kwa simu asubuhi. Wanawake waliozunguka walikuwa kimya. Mnunuzi alimtazama, akaitazama nyanya, akazitazama tena zile kurasa, kisha akaomba aonyeshwe.

Msichana akasogea kidogo, akampa nafasi ya kukaa.